Mkebe wa Gololi

Wako watu ambao kazi yao ni kuhakiki mashairi, na wako wanaohakiki riwaya na tamthilia. Mimi mwezi wa Ramadhani mmoja nilijikuta nikihakiki karatasi moja tu, ya daftari la shule, iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, mistari yake haifiki ishirini, na mwandishi wake hakutia hata jina. Nilidhani ni shughuli ya dakika chache. Ikanishika siku tatu, na mwisho wake nikagundua kuwa miongoni mwa makosa niliyokuwa nikiyasahihisha, moja kubwa lilikuwa langu mwenyewe.

Karatasi hiyo aliniletea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Alikuja nyumbani kwangu Kilwa Masoko baada ya futari, mkononi ana mkebe wa bati ambao niliutambua kabla hajaketi. Ulikuwa wa marehemu baba yangu, yaani babu yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mkebe huo umeutoa wapi?"

"Ulikuwa kwa mama, darini. Kuna mtu anataka kuununua na vyote vilivyomo. Ameandika bei. Nimekuja unisomee, usije ukasema nilikuficha."

Baba alikuwa nahodha wa mashua. Akivusha watu na mizigo baina ya Masoko na Kisiwani, na mara mojamoja akienda hadi Songo Mnara. Alikuwa na tabia ya kuokota. Kila masika yakipita, maji ya mvua na mawimbi hula kingo za pwani zetu, na vitu vidogo vilivyolala ardhini karne nyingi hujitokeza juu ya mchanga kama viazi vilivyofukuliwa. Wengine hupita. Baba akiinama. Ndani ya mkebe mlikuwa na gololi 11, shanga za kujaza kiganja cha mtoto, na sarafu 6 za shaba. Mnunuzi, ambaye mimi sikumwona, alivitazama vyote kwa muda wa kunywa chai, akavigawa katika madaraja matatu: safi, wastani na mbovu.

Nitaitaja karatasi yake kwa ufupi ili msomaji aione kama nilivyoiona. Gololi za rangi, 9, safi. Gololi ya mistari, 1, ina makovu mawili, nusu bei. Gololi ya kijani, 1, imekwaruzika, bure. Shanga nzima kwa hesabu, vipande, hapana. Sarafu: zioshwe kwanza, ziking'aa bei nzuri, iliyomegeka ipimwe pamoja na shaba chakavu.

Kwanza nimpe mtu huyu haki yake. Karatasi yake haina ujanja. Haimwambii muuzaji kuwa kitu ni duni huku mwandishi akijua kuwa ni bora, aliandika anachokiamini. Tena ana kanuni moja na haiachi tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, nayo ni kuwa kasoro hupunguza thamani. Wahakiki wengi wa vitabu ninaowajua hawana msimamo wa namna hiyo. Lakini kanuni moja inayotumika kwa vitu vyote ni kama ufunguo mmoja wa milango yote: ama ni ufunguo wa ajabu, ama milango haijafungwa. Kosa lake ni kuwa ameyachanganya maswali matatu na kuyajibu kwa neno moja. Swali la kwanza ni: hiki ni kitu gani? La pili: kimepatwa na nini? La tatu: kina thamani gani, na kwa nani? Yeye aliingia kwa la pili, akaruka hadi la tatu, na lile la kwanza hakuliuliza kabisa.

Tuanze na gololi, maana ndizo zilizoupa mkebe jina lake nyumbani kwetu.

Zile 9 alizozisifu ni laini pande zote, za kioo cheupe, na katikati kuna jani la rangi, nyekundu au buluu au manjano. Ni gololi za mashine, za aina iliyoenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, na sisi wenyewe tulizinunua dukani utotoni. Ni safi kwa sababu ni changa. Kuzisifia usafi ni kama kumsifu mtoto kwa kutokuwa na mvi.

Ile ya mistari ni habari nyingine. Ndani yake kuna nyuzi za rangi zilizosokotwa kutoka ncha moja hadi nyingine, na penye ncha hizo mbili pana alama mbaya, kama kitovu kilichopona vibaya. Mnunuzi ameziita makovu, akakata nusu ya bei. Lakini hebu tufikiri jinsi kitu hicho kilivyotengenezwa. Kabla ya mashine, mafundi wa kioo wa Ujerumani, hasa katika karne ya 19, walivuta fimbo ya kioo cha moto yenye nyuzi za rangi ndani, wakaikata kwa mkasi maalumu na kuiviringisha ingali laini. Pale ilipokatwa palibaki alama. Mashine iliyoanza kufyatua gololi za kioo huko Akron, Ohio, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20 haikuacha alama ya namna hiyo. Kwa hiyo makovu yale mawili si majeraha. Ni vitovu, yanasema kuwa gololi hii ilizaliwa mkononi mwa mtu. Mkusanyaji wa Ulaya au wa Marekani akiipokea gololi, jambo analolitafuta mwanzo ni hayo makovu.

Msomaji asidhani kuwa nataka kusema kila kasoro ni sifa. La hasha. Gololi hiyohiyo ina alama nyingine ubavuni, ndogo, umbo la mwezi mwandamo, iliyoingia chini ya uso wa kioo. Hiyo ilitokana na kugongwa na gololi nyingine, na hiyo ni kasoro kweli. Sokoni hupunguza bei pakubwa. Mnunuzi hakuiona hata kidogo. Alikata bei kwa alama ya uzazi, akaipitia alama ya jeraha. Na kama angetaka kulifuta jeraha hilo kwa kuisugua gololi upya ing'ae, kama wafanyavyo baadhi ya watu, angezifuta na zile ncha zake, na wanaojua wangeilipia kidogo kuliko ilivyokuwa na ufa wake.

Tofauti hii ya kasoro ya kuzaliwa na kasoro ya maisha si ya gololi peke yake. Nchini mwetu tunao mfano maarufu. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa vitani na hawapati tena fedha kutoka kwao, walipiga sarafu Tabora katika karakana ya reli: za senti za heller 5 na 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Zile za heller zilitoka zimepinda, herufi zimefifia, kingo hazilingani. Anayezikataa kwa sababu ya ubaya huo hajui anachokikataa, kwa kuwa ubaya wenyewe unaeleza vita, uhaba wa madini na haraka ya mafundi. Lakini sarafu ya Tabora iliyotobolewa tundu ili ivaliwe shingoni ina jambo jingine juu yake, lililokuja baadaye, nalo lahesabiwa kando.

Ile ya kijani nayo ilinifurahisha, maana hapo mnunuzi amefika mahali sahihi kwa njia isiyo sahihi. Ni gololi ya kioo cha kijani kinachoelekea buluu, haina nyuzi, haina jani, imekwaruzika pande zote. Baba alikuwa akituambia kuwa ilitoka ndani ya chupa ya soda. Sisi watoto tulicheka. Alikuwa mkweli. Mwingereza mmoja, Hiram Codd, alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1870 chupa yenye gololi shingoni; hewa ya soda iliisukuma gololi juu ikaziba kwenye pete ya mpira, na mnywaji akaibonyeza chini ili anywe. Chupa za namna hiyo zilisafiri mbali, na watoto wa kila mahali walizivunja ili waitoe gololi. Basi utambulisho wake ni wazi kuliko wa zote mkebeni. Bei yake, hata ingekuwa haina mkwaruzo hata mmoja, ni ndogo, kwa sababu zilitengenezwa kwa mamilioni. Mnunuzi anasema "bure" kwa kuwa imekwaruzika. Mimi nasema karibu na bure kwa kuwa ni nyingi. Anayesikia bei tu atadhani tumekubaliana.

Sasa shanga. Hapa karatasi imekosea zaidi, na kosa lenyewe ni zito, maana shanga si za dukani. Mji wa Kilwa uliishi kwa biashara ya Bahari ya Hindi, na shanga za kioo ziliingia humo kwa karne nyingi. Neville Chittick, aliyechimba Kisiwani miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake katika juzuu mbili mwaka 1974, aliziorodhesha shanga kwa uangalifu uleule aliouweka kwa misikiti na majumba. Nyingi ni ndogo kama punje ya mtama, na zinazojulikana sana ni zile nyekundu za rangi ya tofali, zisizopitisha mwanga.

Utazitambuaje? Shanga za kioo za zamani zilitengenezwa hasa kwa njia mbili. Ama fundi alivuta mrija mrefu wa kioo, akaukatakata vipande vidogo na kuvipasha moto vilainike kingo. Ama alizungusha uzi wa kioo cha moto juu ya kijiti. Katika njia ya kwanza vipovu vya hewa ndani ya kioo hulala sambamba na tundu. Katika ya pili hulizunguka tundu kama mkanda. Lakini shanga nzima yenye rangi nzito haikuonyeshi ndani. Iliyovunjika hukuonyesha. Niliwasha taa, nikatwaa kioo cha kukuzia ambacho siku hizi nakitumia kusomea gazeti, nikawaonyesha mpwa wangu na mke wangu nusu ya shanga nyekundu: mistari myembamba imenyooka kuelekea tundu, kama nyuzi za muwa. Shanga nzima ziliyokuwa kando yake zilikaa kimya. Hata wanaopima kioo kwa kemia, ambao siku hizi wanaweza kujua kioo kilitokana na mchanga na majivu ya nchi gani, hawaoni haya kuomba kipande. Karatasi inasema: vipande, hapana. Mhakiki aliyekataa vipande amemkataa shahidi aliyekuwa tayari kusema.

Tunafika kwenye sarafu. Hapo nilinyamaza kidogo, na mpwa wangu akadhani nimechoka.

Sarafu za Kilwa ni za shaba, ndogo, nyembamba. Hazina mwaka. Hazina jina la mji. Upande mmoja una jina la sultani na la baba yake, kama Ali bin al-Hasan au al-Hasan bin Sulaiman. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. John Walker wa Makumbusho ya Uingereza alizieleza mwaka 1936, na jambo lililo zuri kuliko yote ni kuwa pande hizi mbili zina vina. Neno la mwisho la upande wa dua limechaguliwa lilingane kwa sauti na jina la upande wa pili. Sisi tuliolelewa katika mashairi tunaelewa faida yake mara moja. Mshororo ukichanika, kina kilichobaki hukusaidia kukisia kilichopotea. Sarafu iliyosagika upande wa jina inaweza kupunguza idadi ya masultani wa kufikiriwa kwa upande wake wa dua. Kwa maneno mengine, waliozitengeneza walizipa, pengine bila kukusudia, dawa ya kuzeeka.

Kipimo cha mnunuzi hakina nafasi kwa jambo hilo. Nadhani kimetokana, kwa njia ndefu, na vipimo vya wakusanyaji wa nchi za Magharibi. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitunga kipimo cha namba 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za kwao, na kinatumika hadi leo. Si kipimo kibaya. Lakini kilitungwa kwa sarafu ambazo miaka yake imeandikwa na sura yake ya asili inajulikana. Kinauliza ni kiasi gani kimepotea katika kitu tunachokijua. Sarafu zetu zinauliza kinyume: ni nini tunaweza kukijua kutokana na kilichobaki?

Nikampa mpwa wangu mifano mitatu. Huko Great Zimbabwe, mbali bara, palipatikana sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala Kilwa mwaka 1331. Sarafu moja ya shaba, isiyoweza kununua hata samaki. Lakini kwa kuwa ilikuwa pale, inatuambia juu ya njia za dhahabu jambo ambalo sarafu mia za Kisiwani haziwezi kulisema. Kisha Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 palifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu zenye miaka yake, ya mwisho ikiwa ni 1066. Miongoni mwa majina ya zile za fedha limo la Ali bin al-Hasan. Chittick alikuwa amemweka Ali karibu na mwaka 1200. Baada ya Mtambwe wataalamu wakamrudisha nyuma zaidi ya miaka mia. Sarafu isiyo na tarehe ilipata tarehe kwa jirani zake wa shimoni. Lau mtu angezitenga za dhahabu akaziuza peke yake, ushahidi huo ungekwisha siku hiyohiyo.

Mfano wa tatu ni wa mkebe kama wetu. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake. Akaziweka katika mkebe. Mwaka 1979 alizikumbuka akazipeleka zikaguliwe: nne za Kiholanzi, tano za Kilwa. Watu wameandika mengi juu ya jinsi shaba ya Kilwa ilivyofika huko, na mwaka 2013 safari ya utafiti ilikwenda hadi kisiwa kile. Kilichowawezesha hata kujua pa kuanzia si ubora wa sarafu, maana zimechakaa. Ni ramani ambayo askari yule alitia alama ya msalaba mahali alipoziokota.

"Sasa mjomba," akasema mpwa wangu, "hizi zetu nazo si zimeokotwa hapahapa?"

"Hapahapa wapi?"

Akanyamaza. Kisha akanyoosha mkono chini kabisa ya mkebe, akatoa karatasi tano zilizokunjwakunjwa. Sarafu tano kati ya sita zilikuwa zimefungwa humo. Yeye alizifungua ili mnunuzi azione, na kwa kuwa aliambiwa zioshwe, alikwishazisugua nne kwa dawa ya mswaki. Nilizifungua karatasi moja moja. Zilikuwa na mwandiko wa baba, Kiswahili kwa hati za Kiarabu, penseli imefifia. Mbili zilisema Husuni. Tatu zilisema Songo Mnara, na moja kati ya hizo iliongeza: karibu na kisima.

Kumbe baba hakuwa mwokotaji tu. Nakiri kuwa kuokota kwenyewe kulikuwa na kosa. Kitu kilichoondolewa mahali pake kimekwisha kupoteza nusu ya maneno yake, na mwenye kutaka kujua faida ya kukiacha aangalie Songo Mnara, ambako wachimbaji walikuta sarafu zaidi ya 300 zimewekwa pamoja ndani ya nyumba, wakaweza kuonyesha, katika andiko la mwaka 2014, kuwa sarafu za masultani waliopishana kwa karne nyingi zilikuwa mikononi mwa watu kwa wakati mmoja. Lakini kwa mtu asiyesoma shule, ambaye hakuambiwa na yeyote, kuandika mahali ni jambo kubwa. Na sasa karatasi zilikuwa huku na sarafu kule.

Sarafu nne zilizosuguliwa zilikuwa nzuri machoni. Majina yalisomeka; nilitambua mbili za Ali bin al-Hasan. Karatasi nazo zilisomeka. Ila hapakuwa na mtu wala njia ya kuzirudisha pamoja. Karatasi zote zilikuwa na doa la kijani la kutu ya shaba, duara, na duara zote zilifanana.

Zote isipokuwa moja. Doa la karatasi ile iliyotaja kisima lilikuwa na pengo upande mmoja, kama biskuti iliyong'atwa na mtoto. Nikaichukua sarafu iliyomegeka, ile iliyohukumiwa kwenda mzani wa shaba chakavu. Haikuoshwa, kwa kuwa ilionekana haistahili taabu. Kutu yake ilikuwa ingali juu yake. Nikaiweka juu ya doa. Ikakaa. Pengo kwenye pengo. Mpwa wangu aliigeuza mara mbili, akajaribu na nyingine zote, kisha akairudisha ileile bila kusema neno.

Imebaki sarafu ya sita, na hii ndiyo niliyoinyamazia. Haikuwa na karatasi. Ilikuwa nyekundu, laini pande zote, kama kifungo cha shati. Niliijua. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nimefuatana na baba Kisiwani, na niliiokota mwenyewe ufukweni chini ya Gereza baada ya mvua. Ilikuwa imevaa kutu ya kijani, na chini yake palionekana herufi. Nikataka ing'ae. Nikaichukua hadi nyumbani, nikaisugua kwa ndimu na mchanga mchana kutwa, nikampelekea baba kwa fahari. Aliitazama pande zote mbili. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema, "Umeinyamazisha," akaitia mkebeni. Nilidhani ananitania. Miaka zaidi ya hamsini nimefundisha watoto wa watu kusoma, na kitu cha kwanza nilichopewa kusoma nilikifuta.

Kwa hiyo usinione, msomaji, kuwa namsema mnunuzi kutoka juu ya mimbari. Kanuni yake ya kung'arisha ilikuwa kanuni yangu.

Mpwa wangu si mjinga, na alikuwa na hoja yake. "Mjomba, yote nimeyasikia. Lakini habari hailiwi. Nina ada ya mtoto mwezi ujao." Hoja hii sitaipuuza kwa methali. Mwenye shibe akimweleza mwenye njaa thamani ya elimu, hana budi kwanza aangalie sahani yake. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza ni la sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na havifanyiwi biashara bila leseni. Sarafu zimo, na shanga zimo. Gololi ya chupa ya soda imeponea chupuchupu, kwani hata chupa yenyewe ilikuwa haijabuniwa. La pili ni kuwa bei aliyoahidiwa ilikuwa ndogo hata kwa hesabu ya mnunuzi mwenyewe. Fedha nyingi katika karatasi ile zilikuwa kwenye gololi 9 za dukani, na hizo sikumzuia. Akaziuza. Ile ya mistari niliomba asiiuze kwa nusu bei, na angali anayo, anatafuta mtu anayejua makovu. Ada tuliichangia, mimi na dada yangu, na haikuwa rahisi.

Siku ya tatu tulikwenda pamoja kwenye ofisi inayoshughulikia magofu, hapahapa Masoko, na mkebe mkononi. Kijana wa pale alitupokea kwa heshima, akafungua daftari, akachora mistari, akaanza kujaza: kitu, hali, jina lililosomeka, mahali kilipopatikana. Shanga aliziandika kwa pamoja, nzima na vipande, mahali hapajulikani.

Kwa zile sarafu nne alizozing'arisha mpwa wangu aliandika majina yaliyosomeka, na penye mahali akaandika: Husuni au Songo Mnara, haijulikani ipi ni ipi. Akabandika karatasi nne za baba pembeni. Kwa ile nyekundu aliniuliza mahali, nikamwambia: ufukweni, chini ya Gereza, baada ya masika. Akaandika. Akaniuliza jina. Nikamwambia hakuna, na alipotaka kujua ni kwa nini, nikamweleza, naye akaliandika hilo pia katika safu ya hali.

Iliyomegeka aliiweka mwisho. Ali bin al-Hasan, alisoma, upande wa dua kamili, upande wa jina robo haipo. Songo Mnara, karibu na kisima. Safu zote nne zikajaa. Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma juu ya bega langu. Akamwuliza kijana yule kama itapelekwa kuoshwa. Kijana akasema hapana.